Obo ya Eliodoro na Masikio ya Mama Yake

Mpangaji wangu wa chumba cha juu, Eliodoro Parabá, alifika La Paz, mji wetu wa mlimani, akiwa mwembamba hivi kwamba upepo ulimkosa mara mbili kabla ya kumpata. Lakini wembamba wake usikudanganye, kifua kilikuwa cha fahali. Kazi yake ilikuwa kupiga obo katika okestra ya mji. Obo, kwa asiyeijua, ni zumari nyeusi iliyovalishwa vifungo vya fedha kama bwana harusi, na mahali pa kupulizia ni pembamba mno hata pumzi haimwishi mpulizaji, bali humjaa ikakosa pa kutokea. Nimemwona kwa macho yangu akila chakula cha mchana huku bado ana pumzi ya jana kifuani.

Kwao ni bondeni, upande wa Chiquitos, kijiji chenye kanisa la mbao ambako watoto hushika fidla kabla ya kuota meno. Sisi wa mlimani huwaita watu wa bondeni wavivu, na wao hutuita vichwa vya barafu. Yeye huniita doña, yaani bibi, kama mwanamume anavyoitwa don, na tulikuwa tunatukanana vizuri kila asubuhi juu ya uji.

“Doña Satuka, uji huu umeupika au umeuokota?”

“Nimeuokota bondeni kwenu, mwanangu. Ulikuwa umelala kwenye kitanda cha kuning'inia pamoja na ndugu zako.”

“Ndiyo maana una utamu kidogo.”

Basi tukicheka hivyo, ungedhani ana raha. Lakini mtu mwenye raha hapandi mpapai kwenye kopo la rangi huku juu, akaufunika kwa soksi zake kila jua likizama, yeye mwenyewe akalala miguu mitupu. Na baridi yetu si ya mchezo. Marehemu mume wangu alinitukana alfajiri moja ya mwezi Juni, na lile tusi lilinifikia saa sita mchana, lilipoyeyuka. Eliodoro alifungua redio kila asubuhi kusikiliza hali ya hewa ya kwao. Sio ya hapa, ya kwao. Amevaa sweta juu ya sweta, ananitangazia, “Leo kwetu digrii thelathini na nne, doña. Upepo wa kaskazini.” Halafu anatazama dirishani kana kwamba huo upepo wa kaskazini unaweza kukosea njia ukapita kwetu.

Kuhusu kazi yake, mimi nilidhani mpiga muziki anapiga muziki. Kumbe yule nusu ya maisha yake ilikuwa kukwangua tete. Obo haisemi bila ulimi, na ulimi huo ni vipande viwili vya tete vilivyotazamana, vimefungwa kwa uzi kwenye kijibomba kidogo. Anauloweka kwenye kikombe cha maji, anaukwangua kwa kisu kikali kuliko mdomo wa dada yangu, anautia mdomoni, unalia kwaa! Kuku wangu wanamjibu. Anakwangua tena. Mwanzoni nilidhani anachonga vijiti vya meno, nikaona mwanamume huyu ana meno mengi. Ulimi mmoja hauishi sana, baada ya siku chache unachoka, anaanza mwingine. Na huku kwetu hewa ni nyepesi, tete linafanya ukaidi. Akilikwangua kama wanavyokwangua bondeni, linanyamaza kama mkwe mpya. Ni lazima aendelee mpaka ncha inakuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu na mwanga unapita. Hapo ndipo ulimi unapoimba mlimani.

Nilikwenda kumsikiliza kwenye ukumbi mara moja. Mwongoza okestra yupo, amevaa koti lenye mkia. Fidla zipo, matarumbeta yapo, na ngoma kubwa za shaba. Wote kimya. Anangojwa nani? Anangojwa mpangaji wangu. Anapiga sauti moja tu, ndefu, imenyooka kama uzi wa fundi mwashi, na wote wanapanda kuifuata mpaka wanalingana naye. Nikamwambia jirani yangu wa kiti, mama mmoja mwenye manyoya shingoni, “Huyo anayewaita wote, mimi ndiye ninayemfulia suruali.” Akahama kiti.

Sauti hiyo ndiyo iliyomfunga. Kila mwaka sikukuu ya mtakatifu wa kijijini kwao iliangukia wiki ya tamasha kubwa la mji, na kila mwaka alipoomba ruhusa aliambiwa, “Sasa wewe ukienda, atatupa nani sauti?” Anarudi nyumbani, anakwangua tete. Kwa hiyo mama yake mzazi, doña Asunta, hakuwahi kumsikia akipiga obo hata siku moja. Alipotoka kwao alikuwa mpiga fidla, obo alijifunzia huku juu. Yule mama alijua tu kwamba mwanawe anapuliza kitu.

Walizungumza kwa simu kila Jumapili, naye doña Asunta masikio yalikuwa yanaziba. Mwaka hadi mwaka sauti ya Eliodoro ilipanda, mpaka Jumapili mtaa mzima ulijua habari za ng'ombe wao.

“Mama! Umekula?”

“Nani amekufa?”

“UMEKULA!”

“Ah. Nimekula. Mbona unanifokea?”

Halafu Jumapili moja nilikuwa naanika nguo, nikamwona amesimama na simu sikioni. Alipokata akaniambia, “Mama anasema kengele ya kanisa siku hizi anaiona tu. Anaona kamba inavutwa, watu wanatoka majumbani. Haisikii.”

Nikamwambia, “Wazee ndivyo tulivyo.”

“Doña Satuka, mwakani hatanisikia hata nikipulizia sikioni mwake.”

Siku hiyo hakula. Kesho yake alikwenda kwa mwongoza okestra, akamwambia kwamba safari hii haombi ruhusa, anaaga. Wakampa mpiga klarineti kazi ya kutoa sauti wiki ya tamasha, na nasikia okestra nzima ilisikika kama watu walioumwa jino moja.

Nami nikasema nakwenda. Akauliza kufanya nini. Nikamwambia kuhakikisha hatekwi na watu wake wavivu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuliona joto. Basi lilishuka mlima, na kwenye kila kona nilivua sketi moja, na sisi wanawake wa mlimani huvaa nyingi, lakini barabara ile ilikuwa na kona nyingi zaidi. Tulipofika chini nilibaki na ile ya heshima tu. Na mbu wa kule! Mmoja alinitua mkononi, akanitazama usoni kwanza, ndipo akachagua pa kuuma. Joto lenyewe lilikuwa la kukifanya kivuli chako kikuache kikatafute kivuli. Eliodoro hakuwa na habari na hayo. Tangu tulipoanza kuona minazi midogo kando ya barabara alikuwa amefumba macho anavuta hewa kwa pua, na kile kifua chake kikazidi kupanuka mpaka abiria wa pembeni akalalamika.

Mama yake alikuwa mdogo, mkavu, mwepesi kama ganda la hindi. Alimshika mwanawe mashavu, akanigeukia.

“Wewe ndiye unayemlisha?”

“Ndiye mimi, doña.”

“Mbona amekonda hivi?”

“Alikuja hivyo hivyo!”

“Eti nini?”

“ALIKUJA HIVYO HIVYO!”

“Basi hukumwongezea kitu,” akasema, akaenda kuomba mayai kwa jirani.

Alipotoka, Eliodoro alifungua sanduku lake. Alichukua ule ulimi wake bora kuliko zote, aliokwangua kule kwangu wiki nzima akiusemesha kama mtoto, akapuliza kuujaribu. Mungu nisamehe. Ilitoka sauti ya mnyama ambaye hajaumbwa. Kuku walipanda juu ya paa, nyumbu wa mizigo wa jirani alikata kamba, na mpaka leo wanasema alionekana Paragwai, nchi ya pili. Mimi nilishika kifua. Eliodoro alicheka.

“Nilijua,” akasema. “Hewa ya huku ni nzito. Ulimi mwembamba wa mlimani ukiushusha huku unapata wazimu. Sauti inapasuka na inaporomoka. Inabidi nichonge mwingine hapa hapa, mnene, wa bondeni.”

Alijua kwa akili. Lakini mkono wake hakuuambia. Alikaa uani na kisu, anakwangua, na kila ulimi alioufanya ulikuwa mwembamba mno, unapiga kelele. Anautupa. Anaanza upya, anajiambia, “Acha hapo, Eliodoro, acha hapo,” na mkono unaendelea. Miaka yote mlimani ule mkono umejifunza kwamba tete halijaisha mpaka mwanga upite. Nikamtania, “Wewe sasa ni mtu wa mlimani, mwanangu. Umebaki kuvaa sketi tu.” Hakucheka. Alinitazama kama aliyepewa habari ya msiba. Nikaenda zangu jikoni.

Mwishowe aliupata mmoja. Alilazimika kuuweka kisu chini huku sikio lake likisema bado. Akautia kwenye obo, akapuliza, na sauti iliyotoka ilikuwa asali inayomiminwa kutoka mbali. Tuliondoka naye kwenda kanisani kwa mazoezi. Okestra ya kijiji ilikuwa inamngoja, vijana na wazee pamoja, na kiongozi wao maestro Urbano, mtu mnene mwenye miwani, fundi wa fidla siku za kazi. Doña Asunta alikaa benchi la mbele na bakuli la maharage ya kumenya.

Eliodoro alipiga kipande chake chote, sehemu ya haraka, kisha ya polepole. Mimi nilimkumbuka marehemu mume wangu, nikamkumbuka kwa wema, ndipo ujue muziki ule ulikuwa na nguvu kiasi gani. Maestro Urbano alivua miwani akaifuta, kisha akafuta macho. Watu wote wakamgeukia doña Asunta.

Yeye akainua uso kutoka kwenye maharage, akamtabasamia mwanawe.

“Bado hujaanza, mwanangu?”

Eliodoro alikwenda akapiga magoti mbele yake, akamsaidia kumenya yale maharage mpaka yakaisha.

Tuliporudi nyumbani alianza kupanga ndimi zake ndani ya kisanduku, mama yake yuko kwenye moto, ametupa mgongo, anakoroga. Ule ulimi wa mlimani ulikuwa bado umelowa kikombeni. Sijui alikuwa na hasira au majonzi, aliuchomeka akaupuliza kwa nguvu zote, sauti moja tu, mbaya, ile ile ya mnyama asiyeumbwa.

Doña Asunta aligeuka, mwiko mkononi.

“Nani huyo anayeita?”

Eliodoro akapuliza tena. Mama akapiga hatua kuelekea mlangoni, akachungulia nje, huku na huku, kisha akarudi akamtazama mwanawe, obo iko mdomoni. Aliweka mkono juu ya ile obo, karibu na vifungo, kama mtu anayepima homa.

Asubuhi ya sikukuu Eliodoro alimwambia maestro Urbano anachotaka kufanya. Nilikuwepo, nimeshika kikapu cha mikate ya jibini, kwa hiyo usiseme nimetunga.

“Don Eliodoro,” maestro alisema, taratibu, kama anayemsihi mtu aliye juu ya paa, “wewe ni wa kwetu. Tumejisifia wewe mpaka vijiji vya jirani vinatuchukia. Leo wamekuja wote. Askofu amekuja. Unataka uwapigie sauti ya ng'ombe anayezaa?”

“Najua inavyosikika, maestro.”

“Hujui! Wewe uko nyuma yake. Sisi tuko mbele!”

“Ni sehemu ya polepole tu.”

“Ndiyo nzuri kuliko zote!”

“Ndiyo maana,” Eliodoro akasema.

Maestro akanigeukia mimi. “Mama, wewe ni mtu mzima. Mwambie jina la mpiga obo ni sauti yake. Akiiharibu leo watamcheka mpaka wajukuu.”

Nikamwambia, “Mimi ni mtu wa mlimani, kichwa cha barafu. Chukua mkate.”

Kanisa lilijaa hata watakatifu ukutani walisogeana. Eliodoro aliweka kikombe cha maji karibu na mguu wake, na ndani yake ule ulimi wa mlimani. Alitoa sauti ya kulinganisha kwa ulimi mtamu, fidla zikamfuata, wakaanza. Sehemu ya haraka ilikwenda kama maji ya kijito. Wanawake waliacha kupepea. Askofu alitikisa kichwa kwa raha. Na benchi la mbele doña Asunta, gauni jipya, nywele zimebanwa, alimtazama mwanawe kama unavyotazama mvua ukiwa ndani ya nyumba ya vioo.

Sehemu ya haraka ikaisha. Eliodoro akainama, akachomoa ulimi mtamu, akachomeka ule mwingine. Maestro alitikisa kichwa: hapana. Fidla zikaanza kunong'ona. Eliodoro akapuliza.

Mbayuwayu waliokuwa darini walitoka wote kwa mkupuo. Mbwa nje wakaanza. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, “Yesu na Maria!” na vijana wakaangua kicheko, wakafinywa. Ilikuwa sauti iliyopasuka, kali, iliyoporomoka chini ya fidla zote, na ndani yake, ukivumilia, ulikuwemo wimbo ule ule. Nilimwona mpiga fidla wa kwanza, msichana mwenye suka ndefu, anamkodolea macho, kisha anateremsha vidole vyake kidogo kidogo kwenye nyuzi, anamfuata alipo. Jirani yake akateremsha pia. Halafu wa nyuma. Kule ukumbini La Paz nilizoea kuona wote wakipanda kwa mpangaji wangu. Hapa walimshukia, mmoja baada ya mwingine, mpaka maestro Urbano akaacha kukunja uso, akapunguza mwendo wa mkono, akamwacha apige.

Doña Asunta alitazama juu, halafu kulia, halafu kushoto, kama mtu anayeitwa sokoni. Ndipo akaviona vidole vya mwanawe. Akasimama. Peke yake, katikati ya kanisa lililokaa. Hakuna aliyemwambia aketi, hata askofu. Alisimama vile mpaka sauti ya mwisho, ambayo haikuisha vizuri. Ulimi ulipasuka ncha, ikatoka pumzi tupu.

Nje kulikuwa na meza za nyama na muhogo, na utani wao watu wa bondeni hauna huruma.

“Don Eliodoro, kumbe miaka yote mlimani ulikuwa unasomea upunda!”

“Nimefaulu, si mmesikia?” Midomo ilikuwa imemvimba.

“Nyumbu wangu amerudi,” akasema jirani. “Amesikia mchumba.”

Doña Asunta akawapita wote, akamshika mwanawe kidevu.

“Ndivyo unavyolia kule juu?”

“NDIVYO, MAMA.”

“Kila siku?”

“KILA SIKU. ISIPOKUWA JUMATATU.”

“Na mimi nilidhani una raha.” Akamfuta jasho kwa kiganja. “Basi kaa. Usirudi.”

Hapo Eliodoro hakupiga kelele. Alimjibu kwa sauti yake ya kawaida, tena ya chini, kwamba huku hakuna kazi ya obo, kwamba hajui kufanya kitu kingine, kwamba kila asubuhi anasikiliza upepo wao kwenye redio. Alisema mengi. Mama yake alimtazama midomo mpaka ikaacha kusogea, akaitikia kwa kichwa, wala hakumwomba arudie.

Tukapanda mlima. Kwenye kila kona nilivaa sketi moja.

Siku hizi Jumapili nyumba yangu ni tulivu. Doña Asunta hasikii tena chochote kwenye simu, kwa hiyo yeye husema na Eliodoro husikiliza. Anamweleza nani amezaa, nani ameiba, mvua imefika wapi. Juzi juzi nilikuwa karibu, naanika nguo, na yule mama husema kwa nguvu kama wote wasiosikia, nikayapata maneno yote.

“Jana nilikusikia, mwanangu. Jua linazama, upande wa bwawa. Ulipiga kwa muda mrefu.”

Jana yake ilikuwa Jumamosi, na wiki hiyo okestra haikuwa na kazi. Eliodoro alishinda uani kwangu tunamenya viazi, obo iko sandukuni na sanduku liko juu ya kabati. Sasa aliniinulia macho, simu sikioni. Mimi, niliyesema uongo hata kwa padri, nilikaza macho kwenye nguo zangu.

“Ndiyo, mama!” akapaza sauti mpaka njiwa wakaruka juu ya paa. “Nilikuwa mimi!”

Lakini yule mama alikuwa hajanyamaza, hakuwa na haja ya jibu.

“Na kesho piga tena,” alikuwa anasema. “Lakini anza mapema kidogo. Nikishalala sisikii kitu.”